Tathmini ya huduma ya muda wa moja kwa moja ya Formula 1: inafaa kiasi gani kupima kasi ya kweli ya timu kwenye mazoezi?

Huduma ya muda wa moja kwa moja iliyomo katika programu rasmi ya Formula 1 hutumiwa zaidi siku ya mbio, lakini ubora wake na upungufu wake huonekana wazi Ijumaa, wakati timu zinapofanya mazoezi na kila mpenzi wa langalanga anataka kujua ni nani mwenye gari zuri kweli na ni nani anayejificha. Tathmini hii inaipima kwa kazi hiyo moja tu. Je, mtu aliyekaa mbele ya simu au kompyuta, asiyejua lolote la ndani ya timu, anaweza kuitumia kukadiria kasi ya kweli ya magari kabla ya hatua ya kufuzu, inayopanga nafasi za kuanzia mbio? Jibu langu ni kwamba anaweza, tena kwa usahihi wa kuridhisha, ila itambidi aache kutegemea kitu ambacho huduma yenyewe imekitanguliza kuliko vyote, yaani orodha ya madereva iliyopangwa kwa mzunguko wa kasi zaidi wa kila mmoja.

Kwa upande wa wingi wa taarifa, sina malalamiko. Kila dereva anaonyeshwa pamoja na mzunguko wake bora, mzunguko wake wa mwisho, muda wake katika kila moja ya sehemu tatu za uwanja, aina ya tairi aliyovaa na idadi ya mizunguko ambayo tairi hilo limekwisha kukimbia. Sehemu hizo tatu zimegawanywa tena katika vipande vidogo vinavyowaka rangi: zambarau kwa muda bora kuliko wa madereva wote, kijani kwa muda bora wa dereva mwenyewe, na njano kwa muda ulio chini ya hapo. Kuna ramani inayoonyesha magari yalipo, kuna ujumbe wa waamuzi, kuna joto la hewa na la lami pamoja na upepo, na kuna sauti zilizochaguliwa za mazungumzo ya redio kati ya madereva na wahandisi wao. Taarifa hizi hufika haraka na husomeka vizuri, hata kwenye kioo kidogo cha simu.

Tatizo ni mpangilio wake. Mazoezi hayana pointi wala nafasi ya kugombea, kwa hiyo hakuna timu inayolazimika kukimbia kwa kasi yake yote, lakini huduma huyapanga magari kama vile yote yalikuwa yakishindana kwa masharti sawa. Masharti hayo hayafanani hata kidogo. Jambo la kwanza ni mafuta. Chini ya kanuni zilizodumu hadi msimu wa 2025, gari liliruhusiwa kutumia hadi kilo 110 za mafuta katika mbio, na kwa makadirio yanayotumika sana, kila kilo 10 huligharimu gari takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko, kutegemea urefu na umbo la uwanja. Timu moja ikiingia barabarani na kilo 20 na nyingine na kilo 50, tofauti ya karibu sekunde 0.9 imeshapatikana kabla dereva hajakanyaga breki ya kwanza. Katika misimu ya karibuni magari yote kumi ya mchujo wa mwisho wa kufuzu mara nyingi yamekaa ndani ya sekunde moja. Maana yake ni kwamba uamuzi wa mhandisi mmoja kuhusu tangi la mafuta unaweza kuigeuza orodha nzima, na hakuna mahali popote kwenye huduma panapouonyesha. Kiasi cha mafuta ni siri ya timu, kwa hiyo siilaumu huduma kwa kutokionyesha. Lililo ndani ya uwezo wake ni kuacha kuipa uzito wa juu namba inayotegemea kitu kilichofichwa.

Jambo la pili ni nguvu ya injini. Tangu mbio za Italia za 2020, FIA, shirikisho linalosimamia mchezo huu, limezitaka timu kutumia mpangilio uleule wa injini katika kufuzu na katika mbio, lakini katika mazoezi timu hubaki na uhuru wa kupunguza nguvu ili kulinda injini ambazo idadi yake kwa msimu ina kikomo. Timu zinazotengeneza injini zake na zile zinazozinunua kutoka kwao zinaweza kuwa na sera tofauti kuhusu hili Ijumaa hiyohiyo. Kisha kuna lami yenyewe, ambayo huongezeka mshiko kadiri mpira wa matairi unavyobaki juu yake, na hivyo mzunguko uliopigwa dakika ya 15 haulingani na uliopigwa dakika ya 35 hata kama gari, dereva na tairi ni vilevile. Dereva aliyezuiwa na msongamano, au ambaye mzunguko wake uliharibiwa na bendera nyekundu inayosimamisha kipindi, hushuka hadi nafasi ya 14 na kubaki pale, na wasiokuwa makini husema kesho yake kwamba timu yake ina shida.

Mfano mzuri wa hatari hii ni majaribio ya kabla ya msimu wa 2019 mjini Barcelona. Ferrari ilionekana imara tangu siku za mwanzo, na mwishoni Sebastian Vettel aliongoza kwa dakika 1 na sekunde 16.221, huku Lewis Hamilton wa Mercedes akiwa nyuma yake kwa elfu 3 tu za sekunde. Aliyeisoma orodha hiyo peke yake alitarajia mapambano ya bega kwa bega. Wiki chache baadaye, katika kufuzu mjini Melbourne, Hamilton alimwacha Vettel kwa sekunde 0.704, Valtteri Bottas akashinda mbio, na Mercedes ikazichukua mbio 8 za kwanza za msimu. Miaka kumi kabla yake mambo yalikuwa kinyume. Brawn GP, timu iliyokuwa imenusurika kufungwa baada ya Honda kujiondoa, ilifika Barcelona Machi 2009 na muda wa kasi mno, na wengi wakadhani gari lilikuwa jepesi kupita kiasi kwa ajili ya kuwavutia wadhamini. Jenson Button alishinda mbio 6 kati ya 7 za kwanza, na timu ikamaliza mwaka na mataji yote mawili. Orodha ilidanganya mara moja na kusema kweli mara nyingine, na kwa mtazamaji wa nje, sura yake ilikuwa ileile.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo huduma hii inastahili sifa, nayo ni mizunguko mirefu, yaani mizunguko mingi ya mfululizo bila kurudi gereji.

Katika wikendi ya kawaida kuna vipindi vitatu vya mazoezi vya dakika 60 kila kimoja, na kwa kawaida robo saa au dakika 20 za mwisho za kipindi cha pili hutumiwa na timu kukimbia mfululizo kwa mafuta mengi, kuiga mbio. Mtu akiwa na subira ya kuandika muda wa kila mzunguko, safu ya mzunguko wa mwisho pamoja na umri wa tairi humpa kila kinachohitajika ili kujua ni gari gani linatunza tairi na ni lipi linazila. Kanuni zangu ni chache. Ninaondoa mzunguko wa kutoka gereji na wa kurudi, ninaondoa mizunguko ambayo gari lilikutana na msongamano, ninaondoa ile ambayo dereva alipoza tairi au kujaza betri kwa makusudi, na ninalinganisha tu magari yaliyovaa tairi za aina moja zenye umri unaokaribiana. Baada ya hapo sitazami sana wastani. Ninatazama mwelekeo, yaani kama muda unapanda, unashuka au umetulia, na kwa kiasi gani kwa kila mzunguko.

Mwelekeo una faida moja kubwa: unategemea kidogo sana kiasi cha mafuta ambacho timu ilianza nacho. Chukua uwanja wa Bahrain, ambao mbio zake ni mizunguko 57. Gari likitumia kilo 110 kwa umbali huo, linapungua karibu kilo 1.9 kila mzunguko, na kwa kadirio la sekunde 0.03 kwa kilo, uzito unaopungua pekee unapaswa kulipa gari kama sekunde 0.06 za ziada kila linapopita mstari. Kwa hiyo dereva ambaye muda wake umebaki palepale kwa mizunguko kumi anapoteza kwenye tairi kile anachokipata kwenye mafuta. Dereva ambaye muda wake unapanda kwa sekunde 0.1 kila mzunguko anapoteza kwa hakika sekunde 0.16, na baada ya mizunguko 15 tofauti ya jumla kati ya madereva hao wawili inazidi sekunde 10. Hesabu hii haitegemei timu ilianza na kilo 60 au 90, na ndiyo sababu ninaiamini kuliko muda wowote wa zambarau.

Kinachonisikitisha ni kwamba huduma ina vipande vyote vya hesabu hii na haiifanyi. Hakuna safu inayoonyesha mfululizo wa mizunguko ya dereva kwenye seti ileile ya tairi, hakuna kichujio cha kuondoa mizunguko ya polepole, na dereva akirudi gereji, jicho la mtazamaji hubaki na mzunguko wake bora tu. Anayetaka mwelekeo lazima akae na daftari au afungue jedwali pembeni, afuatilie madereva wanne au watano kwa wakati mmoja, na akubali kuwakosa wengine. Mara baada ya kipindi, FIA huchapisha hati za muda zinazoorodhesha kila mzunguko wa kila dereva, pamoja na sehemu bora na kasi za juu kabisa. Hati hizo ni bure, hazina mapambo, na kwa kazi ya kupima mbio zinanifaa kuliko programu ya rangi, isipokuwa kwamba aina ya tairi na umri wake vinabidi vichukuliwe kutoka kwenye programu na kuunganishwa kwa mkono.

Eneo la pili la nguvu ni vipande vidogo pamoja na data ya mwendo wa gari, ambayo huonyesha kasi, gia, kanyagio la mafuta na breki. Hapa ndipo mtu anapoweza kutofautisha gari lililojificha na gari lililo polepole kweli. Tairi na mgandamizo wa hewa, yaani nguvu ya hewa inayolikandamiza gari kwenye lami, hujitokeza zaidi kwenye kona. Nguvu ya injini, uzito na ukubwa wa bawa linaloleta mgandamizo huo vyote hujitokeza kwenye mstari mnyoofu, lakini kila kimoja kwa namna yake. Gari lenye bawa kubwa huondoka vizuri kwenye kona na kuanza kuachwa mwishoni mwa mstari, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa haraka kasi inapoongezeka. Gari lililopunguziwa nguvu huachwa mapema zaidi, mara tu tairi zinapokuwa na mshiko wa kutosha kwa dereva kukanyaga hadi mwisho, na huendelea kuachwa urefu wote wa mstari. Gari lenye mafuta mengi huchelewa kutoka kwenye kona za polepole na husumbuka kwenye kona zinazobadilisha mwelekeo kwa haraka, lakini likipewa mstari mrefu wa kutosha, kasi yake ya juu haitofautiani sana na ya gari jepesi. Anayeona timu imepitwa kwa kilomita 8 kwa saa mwishoni mwa mstari, huku vipande vyake vya kona za kasi vikiwa kijani na zambarau, ana sababu nzuri ya kusubiri Jumamosi kabla ya kuihukumu.

Data hii ina mipaka. Kupitia FastF1, maktaba huria ya lugha ya Python inayosoma mkondo huohuo wa taarifa, mtu anaweza kuichora mwenyewe, na ndipo anapotambua kwamba vipimo hufika takriban mara 4 kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa husafiri karibu mita 20 kati ya kipimo kimoja na kinachofuata. Breki nayo huja kama ndiyo au hapana, bila kiasi cha shinikizo. Kwa hiyo madai kwamba dereva fulani alikanyaga breki mita 3 baada ya mwenzake hayawezi kuthibitishwa kwa chanzo hiki, na ninawasihi wasomaji wawe waangalifu na michoro inayojifanya kuonyesha hivyo. Kwa swali letu la injini, bawa na uzito, vipimo hivyo vinatosha, maana tofauti tunazozitafuta huenea mamia ya mita. Kwa asiyejua kuandika programu hata kidogo, mchoro wa ndani ya huduma rasmi unatosha kulinganisha magari mawili, ingawa humlazimisha kuyatazama yanavyokimbia papo hapo.

Kuna jambo ambalo huduma ingeweza kulirekebisha kwa sentensi moja juu ya ukurasa: kueleza kipindi kina uhusiano gani na mbio zenyewe. Bahrain hukimbia usiku tangu 2014, kwa hiyo kipindi cha kwanza na cha tatu, vinavyofanyika kwenye joto la mchana, havifundishi mengi kuhusu tairi zitakavyofanya kazi, wakati kipindi cha pili hufanyika katika mazingira yanayofanana na ya kufuzu na ya mbio. Abu Dhabi ni hivyohivyo. Mjini Mexico City mwaka 2024, kipindi cha pili kilirefushwa hadi dakika 90 ili Pirelli ijaribu tairi za majaribio, na timu zikalazimika kufuata ratiba ya mtengenezaji wa tairi badala ya yake zenyewe. Tangu 2022 kila timu inatakiwa pia kuwapa madereva wachanga nafasi katika baadhi ya vipindi vya kwanza, mara 2 kwa msimu hapo mwanzo na mara 4 kuanzia 2025. Jina geni kwenye nafasi ya 18 halina uhusiano na gari. Katika hali zote hizi orodha huonekana ileile, yenye uzito uleule na rangi zilezile, na mgeni wa mchezo huu hana namna ya kujua kwamba kipindi kimoja kina uzito mara tatu ya kingine.

Nisieleweke kwamba Ijumaa hudanganya siku zote. Singapore mwaka 2023 ni ushahidi wa kinyume. Red Bull, waliokuwa wameshinda kila mbio za msimu hadi hapo, walihangaika tangu siku ya kwanza, na Ferrari waliongoza vipindi vyote vitatu. Wengi walisubiri Red Bull wafichue kasi yao Jumamosi. Walioangalia vipande vidogo waliona kitu kingine: magari ya Red Bull yalikuwa yakipoteza muda kwenye kona, na redio ilikuwa imejaa malalamiko ya gari lisilotulia, dalili zisizoweza kuelezwa na mafuta wala na injini iliyopunguzwa. Max Verstappen alifuzu wa 11 na Sergio Pérez wa 13, Carlos Sainz akashinda akianzia mbele, na hizo zikawa mbio pekee ambazo Red Bull walizikosa kati ya 22 za mwaka huo. Kwangu huu ndio utumiaji bora wa huduma hii: kuuliza muda unapotea wapi kabla ya kuuliza ni kiasi gani.

Kuhusu malipo, viwango na vifurushi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nitasema tu nani anahitaji nini. Anayetaka kujua hali ya mbio zinavyoendelea hana haja ya data ya mwendo wa gari. Anayetaka kupima mbio kwa mizunguko mirefu anaweza kufika mbali kwa orodha ya kawaida pamoja na hati za FIA. Ni yule anayetaka kutenganisha injini, bawa na mafuta ndiye ambaye ngazi ya kulipia itamfaa, na huyo ninamshauri ailipie bila kusita, hasa kama atafuatilia wikendi za mbio fupi (sprint), zinazokuwa na mbio fupi ya ziada kabla ya mbio kuu. Wikendi hizo zina kipindi kimoja tu cha mazoezi, timu zina seti 12 za tairi badala ya 13, mizunguko mirefu huwa michache, na kila kipande cha ushahidi kina thamani zaidi.

Kanuni za 2026 zinaifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi, na huduma italazimika kukua pamoja nazo. Mota ya umeme imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350, ili karibu nusu ya nguvu yote itoke kwenye umeme, na bawa la nyuma lililofunguka ili kusaidia kupita limetoa nafasi kwa mabawa yanayobadilika umbo kwenye mistari minyoofu. Mzunguko uliopigwa na betri iliyojaa na ule uliopigwa na betri inayochajiwa njiani vinaweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa kuliko tofauti yoyote ya mafuta niliyoieleza hapo juu, na kasi ya mwisho wa mstari, ambayo ilikuwa kipimo changu cha injini iliyopunguzwa, sasa inaweza kushuka kwa sababu tu dereva amechagua kuweka akiba ya umeme kwa ajili ya kona inayofuata. Kama huduma itaongeza safu moja tu, ningeiomba ioneshe mfululizo wa mizunguko kwa kila seti ya tairi. Kama itaongeza ya pili, iwe ni hali ya betri mwanzoni mwa kila mzunguko, ikiwa timu zitakubali kuitoa.